Chokaa Aliyoiacha Gosse

Mwaka 1854 Philip Henry Gosse, mwanaelimu wa viumbe aliyekuwa akiishi London, mbali na ufuo wa Devon alikozoea kuokota viumbe wake, aliazimia kuyaunda maji ya bahari kwa mkono, kwa kuwa kuyaleta yale ya asili hadi mjini kulikuwa na gharama na taabu nyingi. Akaishika hesabu ya Schweitzer, mkemia aliyekwisha kuyapima maji ya bahari iliyo baina ya Uingereza na Ufaransa, akaipunguza hata zikasalia chumvi nne tu: chumvi ya mezani wakia 3 na nusu, chumvi ya haluli robo wakia, kloridi ya magnesiamu takriban gramu 13, na kloridi ya potasiamu gramu 2 na nusu hivi, zote zikayeyushwa katika maji yasiyotimia kwarti 4. Anemoni wake waliishi humo na mwani ukastawi, na kwa kazi aliyoikusudia hapana mwenye insafu atakayesema kuwa alishindwa.

Walakini faida kubwa kwa mfugaji wa matumbawe wa leo, anayesimama dukani mbele ya ndoo za chumvi asijue achukue ipi, imo katika yale aliyoyaacha Gosse kuliko katika yale aliyoyatia. Salfeti ya chokaa aliiondoa kwa sababu ni kidogo na ni ngumu kuyeyuka. Kaboneti ya chokaa na bromidi ya magnesiamu akaziondoa kwa udogo wake. Kwa hukumu ya mizani alikuwa na hoja, maana katika sehemu 1,000 za maji ya Schweitzer chumvi ya mezani ni 27 na salfeti ya chokaa haifiki 1 na nusu. Anemoni hajengi mifupa ya mawe, na maji ya London yenyewe, yapitayo katika ardhi ya chaki, ni mazito kwa chokaa, kwa hiyo inaelekea kwamba upungufu ule ulifidiwa kwa kiasi na mfereji wa mji pasipo mtu kuuhisi. Tumbawe gumu, kinyume chake, hujenga mwili wake wote kwa kaboneti ya chokaa, na kile kilichokuwa kidogo kwa uzani ndicho kinachotumika kila saa: kalsiamu, ambayo baharini ni miligramu 410 hadi 420 katika lita, na ualkali, yaani kipimo cha kaboneti na bikaboneti zilizomo majini, ambao kwa digrii za Kijerumani wanazozitumia wafugaji ni kama 7.

Hapa ndipo linapopata jawabu swali ambalo watu wa pwani yetu wana haki kamili ya kuliuliza, kwamba kwa nini chumvi ya Gongoni au ya Bagamoyo, ambayo imetoka baharini mbele ya macho yao, haifai kurudishwa majini kuwa bahari tena. Maji yanapokauka katika majaruba, kaboneti ya chokaa hutangulia kujitenga, ikifuatwa na jasi, na chumvi yenyewe haianzi kuganda mpaka maji yabakie kiasi cha sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa. Magnesiamu nayo, iliyo nyingi kuliko kalsiamu mara tatu, hubaki katika yale maji machungu yanayomwagwa. Anayechota chumvi ile amechota sehemu moja tu ya bahari.

Viwanda vya leo vimeirudisha chokaa ya Gosse, na baadhi yao vimeirudisha kwa kupindukia. Zipo chumvi zinazotoa ualkali wa digrii 7 au 8, jirani na bahari, na zipo zilizotajirishwa hata zikafika 12, huku kalsiamu ikipanda kupita ya asili, na mnunuzi aghalabu hudhani kuwa tarakimu kubwa ubavuni mwa ndoo ndiyo chakula bora cha matumbawe. Hesabu inakataa. Hodhi lililojaa matumbawe magumu huweza kutumia digrii 1 kwa siku, yaani 7 kwa wiki. Ukilishika katika digrii 8 na kila wiki ukabadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kwa chumvi ya digrii 12, umeongeza digrii 0.4 tu. Na akitokea mwenye hamu akabadilisha theluthi nzima kwa mara moja, ualkali unaruka kutoka 8 hadi kupita 9 kabla ya jua kutua, na wafugaji wengi wameona ncha za matumbawe ya matawi zikiungua kwa miruko ya namna hii, hasa katika maji yenye rutuba haba.

Kwa hiyo rai yangu ni kuchagua chumvi ambayo ualkali wake unalingana na ule unaoudumisha hodhini, na kinacholiwa na matumbawe kukirudisha kila siku kwa njia nyingine, kama maji ya chokaa yanayodondoshwa usiku. Chumvi iliyotajirishwa ina mahali pake katika hodhi lenye matumbawe machache, ambalo mwenyewe hulitegemezea badiliko la maji peke yake.

Kuichanganya nako kuna adabu yake. Tia chumvi katika maji yaliyochujwa hata yakawa hayana kitu, tena kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Usimimine maji juu ya chumvi, kwa maana katika ule uji mzito wa mwanzo kalsiamu na kaboneti hukutana, zikashikana, zikaanguka zikiacha utando mweupe kitakoni mwa ndoo, na hazirudi tena. Kipimo cha uchumvi kinachotumia mpindo wa mwanga kisahihishwe kwa maji ya kielelezo yenye uchumvi wa sehemu 35 katika 1,000, kwani kinachosomeka sawa katika maji matupu huweza kukosea kwenye maji ya chumvi. Na kwa mkazi wa Mombasa au Unguja naongeza hili: kloridi za magnesiamu na kalsiamu hunyonya unyevu wa hewa, chumvi ikafanya mabonge, na ualkali ukaanza kupotea ungali ndooni. Mfuniko ukazwe kila baada ya kuchota, na maji mapya yapimwe ualkali kabla hayajaingia hodhini, hasa chumvi inapokaribia kwisha.