Hadithi za Picha Si Utanzu Mmoja: Maoni kutoka Kasese na Bwera

Walimu wenzetu wengi huziita hadithi za picha michezo ya watoto, na zikionekana chini ya dawati hunyang'anywa. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba kasoro iko katika usomaji wetu. Tunazipima zote kwa kipimo kimoja, ilhali zina tanzu, na kila utanzu humdai msomaji jambo lake.

Tuangalie kwanza kibonzo cha gazetini. Juha Kalulu cha Edward Gitau kilidumu miongo mingi katika Taifa Leo la Kenya. Jina lenyewe lina hoja. Kalulu ni sungura kwa Kichewa, na sungura wa ngano zetu ni mjanja. Gitau amempachika jina hilo mtu, tena juha! Asiyezijua ngano hukosa nusu ya kicheko. Hapa mwalimu wa fasihi ana majazi yaliyo hai, kama alivyo nayo katika Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani la Tanzania. Lakini kumtaka mwanafunzi aeleze "maudhui na dhamira" ya visanduku vinne ni kumchosha bure. Aulizwe kilichotokea kati ya kisanduku cha tatu na cha nne, pale ambapo mchoraji hakuchora chochote. Kicheko kimejificha hapo, na kukitafuta ndiko kusoma kwenyewe.

Utanzu wa pili ni hadithi ya kuelimisha. Shujaaz ilianza Kenya mwaka 2010, ikagawiwa bure ndani ya gazeti, nayo huwafundisha vijana kilimo, biashara ndogo na haki zao. Swali la mhakiki ni je, somo limeibeba hadithi au limeikalia? Tunaonelea kuwa Shujaaz hufaulu mhusika anapohangaika na njaa yake mwenyewe, na hulegea anapoanza kuhutubu. Sheng yake ni kikwazo kingine kwetu. Kijana wa Bwera husikia "batoto" sokoni Mpondwe kutoka kwa wenzetu wa ng'ambo ya mto Lubiriha, husoma "watoto" darasani, kisha akutane na Kiswahili cha mitaa ya Nairobi. Hatusemi kizuiwe. Tunasema vyote vitatu viwekwe ubaoni pamoja, somo la sajili lianzie hapo. (Tangu 2015 kuna Shujaaz ya Tanzania pia, yenye lugha nyepesi kwa mgeni.)

Jambo linalopuuzwa mno ni tanakali za sauti. Vitabu vyetu vya sarufi huziorodhesha kama mboga sokoni: chubwi, pu, tifu. Katika hadithi ya picha "chubwi!" huandikwa kwa herufi kubwa juu ya maji yenyewe. Mtoto wa Kahendero, aliyekulia mwaloni kando ya Ziwa George, haihitaji kamusi. Sauti hiyo anaijua. Alichokosa ni kuiona imeandikwa.

Riwaya ya picha nayo hudai subira. Madame Livingstone (2014), iliyochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, kwa ushirikiano na Christophe Cassiau-Haurie, inahusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walipoiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kurasa hizi hazikimbiliwi. Macho yakae kwenye rangi ya maji na nyuso za askari Waafrika kabla ya kuyasoma maneno.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kifaransa, ingawa kandokando ya ziwa linalosimuliwa wako wasemaji wengi wa Kiswahili. Bunge la Uganda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wetu wa tafsiri wanaotafuta mada ya tasnifu waanze na kurasa kumi tu za Baruti, wakikumbuka kwamba kiputo cha maneno hakitanuki, na sentensi ya Kiswahili itabidi iingie humo humo.