Sendika mpya haibadilishe orodha



Kuna wazo linazunguka kati yetu siku hizi: walimu N.U., yani wale wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya Leta, watoke katika sendika za wakubwa na kuunda ya kwao. Wenye kulitetea wanasema: "Wale wazee wanajitetea wao tu, njo maana tutafute mlango wetu." Uchungu huo ni wa kweli. Elimu ya bure ya shule za msingi ilipoanza 2019, pesa ya wazazi iliyokuwa inamshikilia mwalimu N.U. ilikatwa, na wengi wakabaki na chaki tu mkononi. Sipingi uchungu. Napinga dawa.

Dawa hiyo ilishajaribiwa na watu wenye pesa na mawakili kutuzidi: marubani wa Marekani.

Mwaka 2005 kampuni mbili za ndege, US Airways na America West, ziliungana. Marubani wa pande zote walikuwa tayari katika sendika moja, ALPA. Shida ikawa orodha ya ukongwe. Kwa rubani, orodha hiyo njo maisha: inaamua nani anakuwa kapteni, nani anarusha ndege kubwa, nani anapumzika Noeli, na nani anafukuzwa wa kwanza kazi ikipungua. Wa US Airways, walioitwa wa Mashariki, walitaka ifuatwe tarehe ya kuajiriwa, maana walikuwa na miaka mingi. Wa America West, walioitwa wa Magharibi, walisema kampuni yenu ilikuwa inakufa, wengine wenu mlishasimamishwa kazi, msije kukalia viti vyetu.

Wakapeleka neno kwa msuluhishi, George Nicolau. Mwaka 2007 akatoa uamuzi: marubani wa Mashariki waliokuwa wamesimamishwa wawekwe chini ya orodha, hata mwenye miaka mingi awe nyuma ya kijana wa Magharibi aliyeajiriwa juzi. Mashariki wakawaka. Kwa kuwa walikuwa wengi, mwaka 2008 wakapiga kura, wakaifukuza ALPA na kuweka sendika yao mpya, USAPA, yenye sheria moja kubwa: tarehe ya kuajiriwa.

Walishinda kura. Halafu? Magharibi wakawashitaki mahakamani, kesi ikafuata kesi. Mkataba mmoja wa marubani wote haukupatikana. Na wale wa Mashariki, waliokubali kukatwa mshahara kampuni ilipofilisika, wakaendelea kuruka kwa mishahara ya wakati ule ule wa njaa hadi 2013, kampuni ilipoungana na American Airlines. Mwaka 2014 USAPA ikapoteza nafasi yake kwa APA, sendika ya marubani wa American. Miaka tisa tangu muungano, na aliyefaidika na ugomvi ni nani? Kampuni. Rubani mwenye kugombana na rubani hana nguvu ya kumdai bosi.

Sendika mpya ilibadilisha mwenye kusema. Haikubadilisha orodha, wala haikumaliza hasira ya waliopoteza.

Mtu atanijibu: basi tukae wote ndani ya sendika moja, inatosha. Haitoshi. Sisi Wakongo tulishaishi hivyo. Mwaka 1967 Mobutu aliunganisha sendika zote kuwa moja, iliyokuja kuitwa UNTZA, na ikawa mkono wa chama chake. Umoja wa kulazimishwa ulikuwa ukimya tu. Baada ya tarehe 24 Aprili 1990 mlango ukafunguliwa, na sendika zikaota kama uyoga, kwa mamia. Leo tuko na majina mengi, na mshahara ni ule ule.

Hata marubani wa Kenya Airways, wenye chama kimoja imara, KALPA, waliona mpaka wa nguvu hiyo. Waligoma tarehe 5 Novemba 2022, wakidai kati ya mengine michango ya akiba yao ya uzeeni iliyosimamishwa. Siku chache tu mahakama ikawaamuru warudi kazini, na tarehe 9 wakarudi. Wafanyakazi wengine wa anga wako katika chama kingine, KAWU. Rubani peke yake anaweza kusimamisha ndege. Kushinda ni jambo lingine.

Basi swali letu lisiwe "sendika ngapi?" Liwe: ndani ya meza ya mazungumzo, nani anamlinda aliye mdogo? Mimi ningependa N.U. wabaki, lakini wasibaki kama wageni. Wadai viti vyao kwa maandishi. Wadai kwamba hakuna grevi inayofungwa kwa nyongeza ya waliolipwa tayari kabla ya N.U. kupewa tarehe ya kulipwa. Na wote wakubali mapema, kabla ya hasira, kwamba msuluhishi wakimchagua pamoja, neno lake litafuatwa hata likiuma.

Wazee wakikataa hayo, hapo tutajua wanalinda nini, na kutoka kutakuwa na sababu ambayo kila mwalimu anaweza kuisoma. Ila tusitoke leo kwa hasira, tukakutana kesho kwenye korido ya ofisi ileile, sendika mbili, kila moja na barua yake, na mkubwa wa ofisi anachagua ile yenye kudai kidogo.