Bei Huanzia kwenye Bawaba

Namba iliyokatwa kwa mstari mwekundu ndiyo namba dhaifu kuliko zote katika duka la kompyuta. Iko juu ya karatasi, kubwa, 1,450,000, na chini yake imeandikwa 890,000, na mteja anaanza kufurahia shilingi 560,000 ambazo hakuna aliyewahi kumdai. Nani aliilipa hiyo ya juu? Lini? Kwa laptopu ipi, hii yenye RAM ya GB 8, au nduguye mwenye GB 16 na kioo bora? Karatasi haijibu. Umoja wa Ulaya ulilazimika kulitungia jambo hili sheria: tangu Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Kenya nayo ina sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012. Sheria ni njema, lakini haiingii dukani pamoja na mteja. Anayeingia naye, akibahatika, ni mtu mwenye ustadi ninaotaka kuusifu hapa: yule ambaye macho yake hupita juu ya karatasi ya bei, akanyoosha mkono, akaifungua mashine kwanza.

Watu hawa wapo Kariakoo jijini Dar es Salaam, wapo Luthuli Avenue jijini Nairobi, na wengi wao hawana ubao mlangoni wala kadi ya kazi. Laptopu wanazozikagua zilizaliwa kuwa za ofisi. Kampuni ya Uingereza au Marekani hununua au hukodi mamia kwa mkupuo, huwagawia wafanyakazi, na baada ya miaka mitatu au minne huziondoa zote, zilizo nzima na zilizochoka. Wanunuzi wa jumla huzichukua, huzisafisha, huzipanga kwa madaraja, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu. ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP: zilipokuwa mpya ziliuzwa ghali, na ofisi zikalipa bila kunung'unika, kwa sababu kompyuta ya mhasibu ikizima mwisho wa mwezi, hasara yake huipita mbali bei ya kompyuta yenyewe. Ubora ule uligharamiwa na mtu mwingine. Kazi ya mkaguzi ni kujua umebaki kiasi gani.

Huanzia kwenye bawaba. Nimewatazama mara nyingi, na karibu wote huanzia hapo. Hushika kona moja ya kifuniko, si katikati, wakakiinua taratibu huku wamesogeza sikio. Watengenezaji wa laptopu za bei ya chini mara nyingi hukaza skrubu za bawaba kwenye vijiti vidogo vya plastiki vyenye pete ya shaba ndani. Mwaka wa kwanza hakuna tatizo. Kisha bawaba hukakamaa, plastiki huchakaa, na mwenye mali huwa na mazoea ya kufungua kwa kona moja huku kikombe cha chai kikiwa mkono wa pili. Nguvu yote huishia kwenye kijiti kimoja. Siku kinapopasuka, bawaba hunyanyua kava lote, ukingo wa kioo hufunguka, na waya wa picha unaopita hapohapo huanza kukatika. Wateja wengi huambiwa wabadilishe kioo, ilhali kioo hakina kosa. Katika laptopu nyingi za ofisi, bawaba hukazwa kwenye fremu ya metali iliyofichwa chini ya plastiki, na mzigo husambaa. Tofauti hiyo haionekani dukani. Husikika tu: mlio mdogo mkavu kwenye kona, au ukimya. Na huguswa: kifuniko kikifika nyuzi 180 katika ThinkPad ya mfululizo wa T, kinalala mezani bila kulalamika, na ukikiacha katikati kinabaki ulipokiacha.

Nikiwaza bawaba, humkumbuka Richard Sapper, Mjerumani aliyesanifu umbo la ThinkPad ya kwanza, ile 700C ambayo IBM iliitoa Oktoba 1992. Alichukua wazo kutoka kwenye sanduku la chakula la Kijapani, jeusi, lisilo na pambo, ambalo uzuri wake uko ndani. Lakini miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1972, mtu huyuhuyu alikuwa amesanifu taa ya mezani iitwayo Tizio, yenye mikono iliyosawazishwa kwa uzani, ambayo unaisukuma kwa kidole kimoja na ikatulia pale ulipoiacha. Kwa hiyo sanduku lile jeusi lilitoka kwa mtu aliyekuwa ameshaumiza kichwa juu ya swali la kitu kinachofunguka na kutulia. Kijana wa Kariakoo anayeinua kifuniko kwa kona huenda hajawahi kulisikia jina la Sapper, ila anauliza swali lilelile.

Baada ya bawaba huja mwili. Hushika mashine kwa kona moja ya mbele, wakaiacha ining'inie kidogo, kuona kama inajipinda. Hubonyeza katikati ya kibodi. Huwasha kioo, kisha hukandamiza mgongo wa kifuniko kwa kidole gumba na kutazama kama mawimbi ya rangi yanatokea mbele. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika kwa uzito na kwa mng'ao. Kava la alumini linalong'aa huficha dhambi nyingi, na plastiki si tusi: nyingi za mfululizo wa T zina plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, na X1 Carbon, iliyo nyepesi mno, ina kifuniko cha nyuzi za kaboni. Nyepesi si dhaifu. Wauzaji hupenda pia kutaja MIL-STD-810, vipimo vya jeshi la Marekani vya joto, mtikisiko, vumbi na unyevu. Ni vipimo vya kweli, ila vilifanywa kwa mashine mpya, si kwa hii iliyokaa miaka minne kwenye mkoba wa mtu ndani ya treni.

Mnunuzi wa samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, hamwulizi mchuuzi samaki kavuliwa lini. Hufunua mashavu akatazama rangi. Mashavu ya laptopu ni vitufe. Plastiki ya kibodi ikisuguliwa na vidole hung'aa, hasa kwenye A, kwenye E na kwenye kitufe kirefu cha nafasi. Muuzaji akisema mashine haikutumika sana huku vitufe vinameremeta, mkaguzi hambishii. Anaendelea kimya, na maelezo mengine ya muuzaji huyo yameshapungua thamani. Kibodi ikiwa mpya kabisa kwenye mwili uliochubuka, nayo ina habari yake: imebadilishwa, na pengine ya kwanza ilimwagikiwa chai. ThinkPad nyingi zina matundu chini ya kibodi ya kupitishia maji yaliyomwagika, na mkaguzi mzuri huigeuza mashine akayatafuta, akatazama kama yameacha alama ya kutu.

Namba za prosesa za Intel hazihitaji maneno mengi. Katika i5-7300U, ile 7 ni kizazi cha saba, viini viwili. Katika i5-8350U ni kizazi cha nane, viini vinne. Hatua hiyo moja ndiyo kubwa kuliko zote katika soko la mtumba, kwa sababu Windows 11 hudai kizazi cha nane kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za nje ziliachia ThinkPad T470, Latitude 7480 na EliteBook 840 G4 nyingi, zote imara, zote zikiwa chini ya mstari huo wa kizazi cha nane. Mwanafunzi atakayeziwekea Ubuntu atazitumia miaka mingi, nami namshauri hivyo bila kusita. Lakini anayemuuzia mhasibu T470 kwa karibu bei ya T480 ya kizazi cha nane, kisha akabandika karatasi ya punguzo, amefanya jambo baya.

Nilimwona fundi mmoja, kijana, akimhudumia mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyekuja na fedha za kamati.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hii ni ofa ya leo tu.”

“Tuiangalie kwanza, mama. Bei tutaikuta palepale.”

Akaketi. Akalinganisha namba ya usajili iliyo chini ya mashine na ile iliyo ndani ya BIOS, maana zikitofautiana, madabodi si ya mwili huo. Akaiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, ikamwonyesha mashine ilitoka kiwandani na nini. Akajaribu kuingia BIOS kuona kama kuna nywila ya kampuni ya zamani, kwa kuwa laptopu iliyofungwa na mwajiri wa kwanza inaweza kufanya kazi vizuri leo na kugoma siku utakapobadilisha diski. Akaandika amri, powercfg /batteryreport, na ripoti ikaonyesha betri iliyoundwa kubeba Wh 72 sasa inabeba 40. Ilikuwa T480, nayo hupokea chaji kwa USB-C peke yake, basi akachomeka chaja kwenye tundu la kwanza, akaitikisa, akahamia la pili. Tundu moja likilegea unabaki na moja. Yote mawili yakifa umebaki na chuma. Mwisho akaweka kioo kiwe cheupe chote, kisha cheusi chote, akatafuta nukta na madoa. Baadhi ya T480 ziliuzwa na vioo duni vya pikseli 1366 kwa 768, ambavyo ukikaa pembeni rangi hugeuka. Hiki kilikuwa cha 1920 kwa 1080. Alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Ndipo akaigusa bei. Hesabu yake sitaisahau, kwa sababu hakuanza na namba ya juu kushuka, alianza chini akapanda. Nitumie namba za mfano tu. Tuseme mashine hii ni 700,000, betri nyingine ni 90,000, na kuongeza RAM ifike GB 16 ni 70,000. Basi mashine hii si ya 700,000. Ni ya 860,000. Duka la jirani lina nyingine ya 820,000, haina punguzo lolote, ina GB 16 na betri yenye nguvu. Ya ghali ndiyo rahisi, kwa shilingi 40,000. Na kama ingekuwa X1 Carbon, mstari wa RAM ungefutika kwenye hesabu, kwani RAM yake imeunganishwa kwenye bodi. Unayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mashine ya jirani haikuwa na karatasi nyekundu.

Kinachonivutia katika hesabu ile ni heshima iliyomo. Inamheshimu mwalimu, ambaye fedha si zake na atazitolea maelezo mbele ya wazazi. Inamheshimu hata mfanyakazi wa kiwandani aliyekaza bawaba kwenye fremu badala ya kijiti, kwa kuwa kazi yake nzuri imetambuliwa na kulipiwa, mbali na alikoifanyia. Punguzo la karatasi halimtambui yeyote kati ya hao. Husawazisha T480 nzima na T480 iliyofia ndani, zote kwa asilimia ileile.

Nasikitika kwamba ujuzi huu watu huutaka bure. “Twende ukanisaidie kuchagua,” huambiwa fundi, kisha hupewa soda. Ametumia saa nzima na macho ya miaka mingi, ameokoa, kwa mfano wetu, shilingi 40,000, na hakuna anayefikiri kwamba hiyo nayo ni kazi. Wanaojua thamani yake zaidi, kwa mshangao wangu, ni baadhi ya wauzaji. Kuna maduka, si mengi, ambako mwenye duka amekwisha kuikagua kila mashine kwa mtindo uleule, na karatasi yake ya bei huandikwa hivi: kizazi cha nane, GB 8, betri asilimia 56, tundu la kushoto limelegea, kona ya kifuniko ina mkwaruzo, siku 14 za kujaribu. Kisha bei, moja, isiyokatwa. Kwenye risiti huandika namba ya usajili ya mashine ili mteja akirudi kusiwe na ubishi kuhusu ipi iliuzwa. Kwa muuzaji wa namna hiyo huwa siombi kupunguziwa. Natoa alichoandika, kwa sababu ukaguzi ameshaufanya, na ukaguzi ni sehemu ya bidhaa.