Istilahi "Homa ya Uti wa Mgongo" Mlangoni pa Zahanati

Mwaka 2002 homa ya uti wa mgongo ilizuka Burundi na Rwanda, ikafika hata wilaya za Kibondo na Kasulu, ambako wakati huo palikuwa na makambi makubwa ya wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Katika hali kama hiyo tangazo linaloeleweka ni sehemu ya tiba. Kwa hiyo tumeona vema kuipima lugha ya matangazo ya zahanati juu ya ugonjwa huu, tukianza na jina lenyewe.

Istilahi hii imekwisha zoeleka, wala hatudai ifutwe. Lakini ina kasoro ambayo mfasiri hana budi kuijua. Kinachovimba si uti wa mgongo, bali ni tando zinazofunika ubongo pamoja na ugwe wa neva upitao ndani ya uti huo. Jina lampeleka msomaji mgongoni, ilhali dalili kuu ziko kichwani na shingoni: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, kutapika, macho kutostahimili mwanga. Mkulima wa Kibondo aliyeinama shambani kutwa nzima ana sababu nyingi za kuumwa mgongo. Na yule ambaye mgongo haumuumi aweza kudhani tangazo halimhusu. Kiha nacho hakimwokoi Mha, maana umugongo wake ni mgongo ule ule.

Kuna jambo jingine ambalo waandikaji wetu hawalitilii maanani. Vichwa vya matangazo huandikwa mara nyingi kwa herufi kubwa tupu. Hapo neno uti hugeuka UTI, nacho ndicho kile kifupisho cha Kiingereza, kitamkwacho yutiai, ambacho wagonjwa wamekizoea kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Maradhi mawili yasiyo na undugu yanasomeka kwa herufi zile zile, na moja lao laweza kuua kwa muda wa siku moja! Dawa yake ni rahisi: herufi ndogo.

Je, tubuni istilahi mpya? "Uvimbe wa tando za ubongo" yafaa kitabu cha matabibu, walakini uvimbe kwa mtu wa kawaida ni nundu anayoweza kuipapasa. Twaona afadhali jina la mazoea libaki, na mara baada yake iongezwe sentensi moja: ugonjwa huu hushambulia utando wa ubongo. Dalili nazo zitajwe kwa vitenzi. "Hawezi kuinamisha kidevu kifuani" yashinda "ukakamavu wa shingo", ambao, tukikumbuka gwaride, ni sifa njema. Za mtoto mchanga ziandikwe peke yake, kwa kuwa shingo yake yaweza isikakamae. Mama aambiwe atazame utosi uliotuna na mtoto anayekataa kunyonya.

Mwishoni mwa matangazo ya siku hizi wagonjwa huombwa "mrejesho". Neno hili lafaa kwenye semina. Kijijini, kurejesha ni kurudisha ulichoazima. "Maoni" lipo na linajulikana. Hata hivyo sanduku la maoni lataka kalamu, na asiyejua kuandika huachwa nje. Heri mhudumu amwulize mgonjwa ana kwa ana ameelewa nini katika tangazo, na jibu hilo limfikie mtunga istilahi. Walimu na wafasiri wa Kibondo na Kasulu waliokwisha kusikia majibu ya namna hiyo wanaombwa watuletee, pamoja na maneno ya Kiha yatumikayo kwa ugonjwa huu.