Angalia Kwanza

Fundi mzuri wa seva ni vigumu kumsifu, kwa sababu kazi yake ikienda sawa hakuna kinachoonekana. Mshahara umeingia, matokeo yamefunguka kwenye simu ya mwanafunzi, maisha yanaendelea. Jina lake hutajwa siku mfumo ukigoma, na halitajwi kwa wema. Mimi nilibahatika kukaa pembeni ya mmoja wao siku kama hiyo, nikaangalia vidole vyake.

Ni dada anayetunza seva za chuo kimoja jijini Dar es Salaam, zote zinaendeshwa kwa Debian, aina mojawapo ya Linux. Ilikuwa wiki ya usajili, na mfumo ulikuwa umekataa kupokea chochote kipya. Diski imejaa. Ofisini ushauri ulikuwa bwelele. Mhasibu, mtu mzima wa kuheshimika, alitaka mashine izimwe iwashwe. Mwingine alitaka vitu vya zamani vifutwe, basi. "Sawa, mzee wangu," dada akamjibu mhasibu, "ngoja niangalie kwanza." Watu wengi husema hivyo huku mkono tayari unafuta. Yeye aliangalia kweli.

Alianza na df, amri ya kuulizia diski imebakiwa na nafasi kiasi gani. Jibu: imejaa asilimia 100. Akafuata du, ambayo hupita folda moja baada ya nyingine ikijumlisha ukubwa wa kila faili inalolikuta. Hii ikaleta jumla isiyofika hata nusu ya diski. Diski ni moja, hesabu ni mbili, na hazikaribiani.

Ningekuwa mimi ningesema amri moja imeharibika. "Zote zinasema kweli," dada akasema, na hapo nikaona kwamba kwake tatizo lilikuwa limeshapungua, maana sasa alijua pa kutafuta. Amri ya df huuliza mfumo wa faili wenyewe ni vipande vingapi vya diski vimeshikwa. Amri ya du hufuata majina. Tofauti kati yake basi ni kitu kinachokaa kwenye diski bila jina.

Kitu hicho kinawezekanaje? Katika Linux, kama ilivyokuwa katika Unix iliyoitangulia, faili na jina lake ni vitu viwili. Amri ya rm huondoa jina tu. Faili lenyewe hubaki mpaka jina lake la mwisho liondoke na programu ya mwisho iliyolifungua ilifunge. Kung'oa kibao cha namba ya nyumba hakumtoi mpangaji. Na ndivyo ilivyotokea: jioni iliyotangulia kijana mmoja wa ofisi hiyo aliona logi, lile faili ambamo programu huandika kila linaloisibu, imevimba kupita kiasi. Akaifuta kwa rm, akaenda zake nyumbani. Programu haikuwa na habari. Iliendelea kuandika usiku kucha ndani ya faili ambalo hakuna folda iliyolijua.

Dada akaandika lsof +L1, yaani nionyeshe mafaili yaliyo wazi lakini hayana jina tena. Ukaja mstari mmoja wa maana: jina la programu, namba yake, ukubwa wa kutisha, na mwishoni alama kwamba limefutwa. Njia ya mkato ilikuwa hapo hapo, kuiwasha upya ile programu. Ingeachia faili na nafasi ingerudi. Lakini ilikuwa wiki ya usajili, na kulikuwa na wanafunzi waliokuwa katikati ya fomu zao. Akaingia kwenye /proc.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana /proc ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika Linux. Ukiitazama ni folda kama folda nyingine, ila haiko kwenye diski. Kerneli, kiini cha mfumo, huitunga pale pale unapoisoma. Kila programu inayoendeshwa ina chumba chake humo chenye namba yake, na ndani ya chumba kuna orodha ya mafaili iliyoyafungua, hata yaliyokwisha kufutwa jina. Mashine inajieleza kwa umbo lile lile la mafaili, kwa hiyo huhitaji chombo kipya kuisoma. Amri inayokusomea barua ndiyo inayokusomea hali ya mashine.

Kabla ya kulipunguza lile faili, alisoma mistari yake ya mwisho, akainakili kwenye diski nyingine. Logi haivimbi bure. Ilikuwa sentensi moja ikijirudia mara nyingi mno kila sekunde: programu ikilalamika kwamba haiipati seva ya barua pepe, ambayo ilikuwa imehamishiwa anwani nyingine. Ndipo akatumia truncate kulirudisha faili kwenye sifuri kupitia mle mle /proc. Akaita df tena. Nafasi imerudi, na hakuna programu iliyozimwa.

Kuna jambo lililomsaidia ambalo wengi hawalijui. Mfumo wa faili wa ext4, usipoambiwa vingine, huweka kando asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi. Programu za kawaida zinapokuta pamejaa, yeye bado ana pa kupumulia. Aliyebuni hivyo alimfikiria fundi kabla ya siku yake mbaya kufika. Na zile df na du si za jana: zilikuwamo katika toleo la kwanza la Unix mwaka 1971, miaka 20 kabla Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, hajatangaza kerneli yake. Vyombo vilevile, vimenolewa tu.

Mchana alikaa kuweka utaratibu ili logi ile iwe inazungushwa na kubanwa yenyewe, kazi ya logrotate. Aliandika kwa Vim, programu ya kuhariri maandishi, ambayo ukiifungua bila faili hukuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, aliwahi kufanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na mpaka alipofariki mwaka 2023 malipo aliyoyataka kwa programu yake yalikuwa mchango kwa kituo cha watoto cha huko. Wangapi wetu tumeupita ule mstari kwa haraka ya kwenda kuhariri?

Alipomaliza kuandika hakutegemea macho yake tu. Aliita logrotate kwa -d, ieleze ingefanya nini bila kugusa kitu. Baadaye nikagundua kwamba karibu kila anachokifanya kina hatua hiyo. Akinakili kwa rsync huanza na -n. Akibadilisha mipangilio ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, huijaribu kwa sshd -t, na haufungi muunganisho wa kwanza mpaka wa pili umekubali kuingia. Chuo kina seva nyingine Mwanza, na akizigusa sheria zake za kuchuja mawasiliano huacha kwanza agizo kwa at kwamba zile za zamani zirudi baada ya dakika 10, kisha hulifuta agizo akiona mambo shwari. Ukijifungia nje ya seva ya Mwanza, dawa yake ni basi la zaidi ya kilomita 1,000. Wapo wanaojisifu kwamba seva yao haijazimwa miaka mitatu. Dada huwacheka, maana aghlabu wanatangaza kwamba kerneli yao haijapata marekebisho ya usalama miaka mitatu.

Yule kijana alikuwa amejikunyata kwenye kona. Dada hakumkemea. Alimfungulia mashine ya majaribio, akamwambia atengeneze faili la gigabaiti moja, alishikilie kwa tail -f kwenye dirisha moja, alifute kwenye jingine. Kijana akaita df: nafasi haijarudi. Akaikatiza tail, akaita tena: imerudi. Akarudia yote tangu mwanzo bila kuambiwa.

"Na kama faili lina majina mawili, dada?"

"Amri ni ln. Jaribu."