Wimbo na Jeraha: Tathmini ya Yip/Jump Music ya Daniel Johnston

Tangu redio-kaseti ilipoingia majumbani, mtunzi wa nyimbo asiye na fedha wala kampuni ameweza kufanya jambo ambalo zamani lilihitaji studio: kuimba, kunasa sauti yake na kuwapa wengine waisikie. Katika makala haya tunakusudia kuipima albamu moja iliyozaliwa kwa njia hiyo, yaani Yip/Jump Music ya Mmarekani Daniel Johnston, ya mwaka 1983. Wengi wameisifu kuwa ni kazi ya kweli. Swali letu ni hili: ukweli unaosifiwa ni ule wa wimbo, au ni raha ya kusikiliza maumivu ya mwenzetu?

Johnston alizaliwa mwaka 1961 na kulelewa West Virginia, katika familia ya washiriki wa Kanisa la Kristo. Kanda zake za kwanza alizirekodi katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Yip/Jump Music aliirekodi huko Texas kwa redio-kaseti ya kawaida, akijisindikiza zaidi kwa kinanda kidogo cha bei nafuu. Baadaye, katika mji wa Austin, alifanya kazi katika mgahawa wa McDonald's, na kanda zake akazigawa kwa mkono wake mwenyewe kwa watu aliokutana nao.

Katika miaka yake ya mwanzo hakuwa na njia ya kunakili kanda. Kila alipotaka kumpa mtu kanda, ilimbidi aketi tena na kuziimba nyimbo zote upya. Kwa hiyo kila kanda ilikuwa mfano wa barua iliyoandikwa kwa ajili ya mpokeaji wake. Hii twaiona kuwa fadhila ya kwanza ya kurekodi nyumbani: msikilizaji yu karibu sana na anayeimba, na anajua kwamba anasemeshwa.

Lakini ukaribu huo pekee haufanyi wimbo kuwa mzuri. Zipo nyimbo katika albamu hii ambazo zingefaa kuachwa. Sauti ya kinanda inachosha kwa kutobadilika, na mara nyingine maneno yanakimbizwa ili yaingie katika mizani isiyoyatosha. Hatuoni sababu ya kuyaita mapungufu hayo utakatifu. Mvumo wa kanda ni mvumo wa kanda tu.

Nguvu ya albamu iko kwingine, katika utunzi. Katika "King Kong", Johnston anaweka kinanda kando na kusimulia kwa sauti tupu habari za sokwe mkubwa wa sinema, na kidogo kidogo mnyama wa kutisha anakuwa kiumbe mpweke anayestahili huruma. Wimbo mwingine umechukua kichwa chake kutoka Waefeso 4:26, ila mahali pa hasira mtunzi ameweka manung'uniko. Badiliko hilo ni dogo, lakini ni la mtu aliyelisikia Neno tangu utoto na kujipima nalo, maana yako manung'uniko tunayoyafuga hata baada ya hasira kupoa. Katika "Casper the Friendly Ghost" anamchukua mzuka mpole wa katuni za watoto, na kwa huyo anasema jambo zito: dunia huwaheshimu wafu iliowadharau walipokuwa hai.

Hapa ndipo hoja yetu inapouma. Johnston aliugua ugonjwa mzito wa akili. Mwaka 1990, akiwa katika ndege ndogo iliyorushwa na baba yake, alizima injini kwa kuondoa ufunguo na kuutupa nje, na wote wawili wakanusurika kwa shida. Mwaka 1992 Kurt Cobain, mwimbaji mashuhuri, alionekana hadharani amevaa fulana yenye mchoro wa Johnston, na makampuni yakaanza kumgombania hali amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Albamu ya studio iliyofuata mwaka 1994, Fun, haikuuzika, na kampuni ikaachana naye. Alifariki mwaka 2019.

Wako wanaosema kwamba studio iliharibu ukweli wake. Kauli hiyo tunaitilia shaka, kwa kuwa ndani yake mna wazo kwamba mgonjwa anafaa kusikilizwa maadamu anasikika kama mgonjwa. Huko ni kumpenda mtu kwa ajili ya jeraha lake na kutamani lisipone. Kanisa nalo halina budi kujichunguza, kwa maana mara nyingi limemwona mtu wa namna hii kuwa mwenye pepo tu na kukataa kusikia neno lake. Wote wawili, shabiki na mshiriki, wamefumba masikio. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado Israeli iliiimba pamoja na zaburi za shangwe. Haikuuliza kwanza kama mwimbaji ni mzima.

Jambo hili linawahusu pia watunzi wa sharika zetu, ambao leo wanaweza kurekodi albamu nzima chumbani kwa simu au kompyuta. Tunawashauri wasingoje fedha za studio ndipo watoe walichopewa. Hata hivyo, unyonge wa chombo usiwe udhuru wa wimbo ambao haujatungwa vema. Nasi tunaowasikiliza yatupasa kuupima wimbo kama wimbo, kisha kumwendea mtunzi aliyeumia kama ndugu, angali hai.