Kivu: Gesi Imechujwa Sawasawa, Maji Yamerudishwa Pabaya

Mita 240. Namba hiyo inaninyima raha tangu KivuWatt, mtambo wa kuvuna gesi ya Ziwa Kivu, ulipozinduliwa kule Karongi, Rwanda, mwaka 2016. Maji yanavutwa kutoka mita 350 hivi, yanatolewa methani, kisha yanarudishwa mita 240, nje na juu ya tabaka yalikotoka. Wenye mradi wana vipimo na hoja zao. Mimi nasema ni kosa.

Mnaolifuatilia ziwa hili mnayajua matabaka yake. Karibu na mita 260 pana mpaka mkali: chini yake maji ni mazito kwa chumvi na kaboni dayoksaidi, juu yake mepesi. Huo ndio mfuniko wa chungu. Chunguni mna methani kilomita za ujazo 60 hivi, na kaboni dayoksaidi mara tano yake. Mfuniko ukifunuka, kandokando wanaishi watu wapatao milioni mbili. Ukichota chini ya mfuniko ukamwaga juu yake mwaka baada ya mwaka, mfuniko unateremka na tofauti ya uzito inapungua. Methani iliyosalia ndani ya maji hayo inakwenda usikoweza tena kuivuna kwa faida. Fosforasi na amonia nazo zinapandishwa zaidi ya mita mia, kuelekea kwa samaki wetu, sambaza.

Najua jibu litakalokuja: maji yaliyopoteza kaboni dayoksaidi huwa mepesi, hayakubali kukaa chini. Basi tenganisha kwenye kina kikubwa zaidi, penye shinikizo, ili kaboni dayoksaidi ibaki majini na uzito usipotee! Mhandisi Philip Morkel amelipigia kelele suala la kina kwa miaka. Ana kampuni yake na mbinu yake, ndiyo, lakini hoja haipungui nguvu kwa sababu hiyo.

Sikatai kwamba KivuWatt kazi ya kuosha gesi kwa maji, ili kaboni dayoksaidi iondoke, imefanyika vizuri, na injini zinatoa megawati zake 26.

Nimeshasema na narudia: makongamano yetu wanakemia yamejaa vichujio vya gesi, utando na zeolaiti, kana kwamba chujio lenyewe ndilo kila kitu. Kaboni dayoksaidi huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko methani, kwa hiyo Ziwa Kivu lina chujio lake tayari, yaani maji yenyewe. Kiwanda kidogo cha gesi cha Cap Rubona kilijua hivyo tangu 1963, kikawapa moto wapika bia wa Gisenyi bila mbwembwe. Na kabla ya kiwanda hicho mtafiti Damas alishuka na chupa zake mwaka 1935. Miaka ya 1970 mtafiti Tietze akapima tabaka kwa tabaka. Wale walianza kwa kulisoma ziwa.

Hapa Kisangani nendeni mkawatazame wavuvi Wagenia. Tenga lao ni utando hasa: maji yanapita, samaki anabaki. Lakini kabla ya kulishusha, mvuvi anasimama juu ya miti iliyosimikwa mwambani na kuutazama mkondo. Tenga lile lile, likikaa dhiraa mbili kando, linatoka tupu. Kivu nako mahali ndipo panapoamua.

Mwaka 2022 Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi ya Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS), msingoje kualikwa. Daini kwamba kila mkataba wa upande wetu utaje kina cha kurudishia maji, kwa mita, na kiwe kirefu kuliko 260.